Taka za Chuo na Ununuzi wa Bidhaa Zilizorejelezwa

Mwanafunzi wa chuo cha umma, pamoja na mzazi anayemlipia karo, ni watumiaji kama watumiaji wengine. Karatasi inayotupwa chuoni imekwisha kulipiwa, na aghalabu ni wao walioilipia.

Tuanze na kupunguza, kwa kuwa taka isiyozalishwa haina gharama ya kuzolewa. Mhadhiri akitoa muhtasari wa kurasa 40 kwa darasa la wanafunzi 60, nao ukachapwa upande mmoja, zitatumika karatasi 2,400: karibu rimu 5, zenye uzito wa kilo 12 hivi. Ukichapwa pande zote mbili, nusu ya mzigo huo hubaki stoo. Nafuu hiyo haihitaji zabuni wala kamati.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 huzitaka taasisi za umma na za binafsi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Umuhimu wake huonekana zaidi penye jiko. Karatasi iliyolowa mchuzi haifai tena kiwandani, hata kama ilikuwa safi asubuhi.

Kuhusu ununuzi, maneno mawili huwachanganya wengi. "Inarejelezeka" hueleza kinachoweza kutendeka baadaye. "Imerejelezwa" hueleza bidhaa ilikotoka. Chupa mpya kabisa yaweza kuandikwa neno la kwanza bila uongo wowote. Vilevile, namba 1 hadi 7 ndani ya pembetatu ya mishale, chini ya chombo, hutaja aina ya plastiki tu. Kwa hiyo muulize mwuzaji asilimia ya malighafi iliyorejelezwa, na kama ilitoka kwa watumiaji au ni vipande vilivyobaki kiwandani. Sisi twaipa uzito zaidi ile iliyotoka kwa watumiaji, kwani ndiyo iliyokuwa ikielekea jalalani.

Mwuzaji akitaja asilimia iliyo chini ya 100, si lazima awe mdanganyifu. Nyuzi za karatasi hufupika kila zinaporejelezwa, hivyo viwanda vingi huongeza nyuzi mpya. Afisa wa ununuzi na ajaribu rimu moja katika mashine ya chuo kabla ya kuagiza katoni nyingi, na aihifadhi ndani ya kifungashio chake mahali pakavu; unyevu hukwamisha karatasi yoyote, mpya au iliyorejelezwa. Ndoo ya plastiki iliyorejelezwa yafaa kwa kudekia, lakini isiwekwe chakula ila mwuzaji athibitishe kuwa imeidhinishwa kwa kazi hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 hukataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ukishuku lebo, tunza risiti na kifungashio, kisha mwandikie mwuzaji ukimtaka atoe uthibitisho wa asilimia aliyoitaja.