Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Jawabu ya Kalamu

Somo la leo limezaliwa na swali. Kijana mmoja wa darasa letu hapa Kisauni alituuliza: je, yafaa Mwislamu kukisoma kitabu cha dini nyengine ili ajue wenyewe wasemavyo, au kule kukifungua tu ni kujitia katika shubuha? Mzee mmoja alimkatiza kwa ukali, naye kijana akainamisha kichwa. Sisi twaona hakustahiki kunyamazishwa.

Wala si ajabu swali hili kuzuka upande huu wa bara. Kila siku twashuka garini Kengeleni, na wachache kati yetu huuliza ni kengele gani hiyo. Ni ya Frere Town, mji uliojengwa na mishenari wa Kiingereza mwaka 1875 ili kuwaweka watumwa walioachwa huru. Na kabla ya hapo, mwaka 1844, alifika Mombasa Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye mkewe alifariki mwaka ule ule akazikwa ng'ambo hii hii. Krapf alipoanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa mwenyewe, Sheikh Ali bin Mohiddin. Basi wazee wetu hawakukimbia mazungumzo na watu wa dini nyengine, nao hawakuwa wachache wa imani kuliko sisi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake alifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alichota elimu pia kwa mabahari wawili wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, na akawa msomaji wa gazeti la Al-Manar la Sayyid Rashid Rida, lililokuwa likitoka Misri.

Mwaka 1923, Sheikh akiwa na umri wa miaka thalathini na miwili, kilitoka London kitabu kilichowashitua wengi: tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, aliyoifanya kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Unguja. Tumtendee insafu mtu huyu: alijitaabisha kujifunza Kiarabu na Kiswahili, na kazi aliyoifanya si ndogo. Lakini maelezo aliyoyaongeza aliyaandika kwa jicho la dini yake. Na sisi tulikuwa na nini cha kukiweka kando ya kitabu hicho? Hatukuwa na kitu. Wanavyuoni wengi waliona haifai, au ni khatari, kuyatia maneno ya Mwenyezi Mungu katika lugha nyengine. Mtu na ajifunze Kiarabu kwanza. Hoja yao ina uzito wake, lakini tuangalie matokeo yake. Mvuvi wa Likoni au mama wa Changamwe asiyejua Kiarabu, akitaka kujua maana ya anachokisoma katika sala, kitabu kizima alichoweza kukipata kwa lugha yake kilikuwa cha kasisi. Hali hiyo ilidumu miaka thalathini, mpaka 1953 Maahmadiya walipotoa tafsiri yao; na ile ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy haikutoka kamili mpaka 1969.

Sheikh Al-Amin aliona kwamba kitabu hujibiwa kwa kitabu. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya mawaidha, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Na hapa ndipo penye funzo: hakumaliza wino wake kuwalaumu wamishenari. Aliwageukia Waislamu wenzake, akawakemea kwa kupuuza elimu, na kwa mali waliyoiteketeza katika harusi na matanga. Kalamu yake ilikuwa kali, pengine kali kuliko tungependa, na wako waliochukizwa naye. Wala hakuacha kazi hiyo kwa ajili ya cheo. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na huku akiendelea kusomesha na kuandika.

Tafsiri yake mwenyewe ya Kurani aliianza, lakini alifariki tarehe 1 Aprili 1947 kabla hajaitimiza. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ndiye aliyezitengeneza sehemu alizoziacha, zikapigwa chapa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zaidi ya miaka thalathini karatasi zile zilingoja, na aibu hiyo si ya makasisi.

Basi kijana wetu twamjibu hivi: soma, lakini anza na chako, usije ukapima nguo ya mwenzio na wewe hujui kimo chako. Ukitaka kujua Mkristo aamini nini, muulize Mkristo na usome kitabu chake. Usitosheke na yale asemayo adui yake, kama vile wewe usivyopenda dini yako ielezwe na asiyekupenda. Na ukiona kosa, lijibu kwa hoja.

Alhamisi ijayo, baada ya sala ya Isha, tutaanza Al-Fatiha kwa tafsiri ya Sheikh Al-Amin. Nakala tuliyo nayo ni moja tu, basi mwenye yake na aje nayo. Yule mzee aliyemkatiza kijana ametuahidi kuhudhuria, na kijana tumemwomba awe ndiye msomaji.