Somo: Kuangalia Ndege Pamoja

Wapendwa, tukialikwa na kikundi cha kuangalia ndege kwenye delta ya Mto Rusizi, karibu na Bujumbura, tukumbuke mambo matatu.

1. Tutoke alfajiri. Jua likiwa kali ndege wengi hujificha.

2. Tumfuate kiongozi kimya kimya. Kuna viboko na mamba. Tusisogee majini kwa ajili ya kumwona mwari.

3. Tuulize majina bila aibu. Mgeni anayeuliza huzoeleka upesi.

Mwaka 2002 delta hiyo iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Mbayuwayu wa Ulaya hukimbilia Afrika wakati wa baridi, kisha hurudi kwao kutaga. Nao wanahitaji pa kupumzika. Je, sisi tunawatunzia?