Somo: Kuzuia Wino Usikauke Katika Printa Isiyotumika kwa Muda Mrefu



Nyakanazi ni njiapanda. Kwa anayetoka Kahama, hapo ndipo barabara ya Kigoma inapoachana na ile ya Rusumo. Mwenye duka la kuchapisha hapo hutegemea wasafiri na shule za jirani. Shule zinapofungwa mwezi Juni, kiangazi nacho kimeingia, na printa ya wino huweza kukaa wiki kadhaa bila kazi. Siku ya kuiwasha, karatasi hutoka na mistari mieupe, au tupu kabisa. Wengi hukimbilia kununua katriji au printa mpya, gharama ambayo mara nyingi ingeepukika.

Kwa nini wino hukauka?

Kichwa cha kuchapishia kina vitundu vyembamba kuliko unywele. Wino mwingi wa printa hizi umetengenezwa kwa maji. Maji yakigeuka mvuke, rangi hubaki na kuziba vitundu. Printa inapozimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi mahali pake na kufunikwa na kifuniko cha mpira. Ukichomoa waya printa ikiwa inafanya kazi, kichwa huweza kubaki wazi.

Tunashauri yafuatayo:

1. Zima printa kwa kitufe chake, usubiri itulie, ndipo uzime soketi.
2. Umeme ukikatika katikati ya kazi, iwashe tena unaporudi, kisha uizime kwa utaratibu.
3. Chapisha ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Wino utakaotumika ni mdogo.
4. Usitoe katriji na kuziacha wazi.
5. Iweke mbali na jua na vumbi, na uifunike kwa kitambaa.
6. Printa ya matangi isilazwe wala kuinamishwa inaposafirishwa.

Vitundu vikiwa vimeziba

Tumia programu ya kusafisha kichwa iliyomo ndani ya printa mara moja au mbili, kisha uchapishe ukurasa wa majaribio. Isipofaa, iache hadi kesho yake ujaribu tena. Usirudie mfululizo, kwa kuwa kila usafishaji hula wino. Usichokoe vitundu kwa sindano.

Kabla ya kununua

Anayechapisha kwa nadra, tena maandishi meusi tu, afikirie printa ya tona. Tona ni unga, hivyo haikauki kama wino. Anayenunua wino asome tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye boksi, adai risiti, na aulize kwa maandishi iwapo dhamana inahusu kichwa kilichoziba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyeuziwa bidhaa bandia anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani. Risiti ndiyo ushahidi wa kwanza, basi tuihifadhi.