Usonji Chuoni: Si Kiburi, Si Mapepo



Wapo vijana wenye usonji wanaofaulu mitihani ya chuo kikuu lakini wakashindwa na maisha ya bweni: kelele, foleni ya chakula, utani wa wenzao, ratiba kubadilika ghafla. Hukaa peke yao, hawamtazami mtu usoni, nao huitwa wenye kiburi au mapepo. Wengine huacha masomo.

Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo. Hauambukizi, hautokani na laana wala malezi mabaya, wala hauna dawa ya kuuondoa. Basi tufanye nini?

1. Tuseme naye wazi, bila mafumbo.
2. Ratiba ikibadilika, tumwarifu mapema, kwa maandishi.
3. Tumwachie mahali penye utulivu.
4. Rafiki mmoja amsindikize mezani na kwenye Misa, bila kumlazimisha kuzungumza.
5. Akisema amechoka kuishi, tumfikishe hospitali siku hiyo hiyo, tusimwache peke yake.

Wazazi, msimfiche. Kwa ridhaa yake, mwelezeni mshauri wa wanafunzi mapema. Kijana huyu anatuhitaji, hata anaponyamaza.