Kijiji Kilichoanza kama Mchezo

Makala yangu iliyopita juu ya michezo ya watoto imeniletea maswali kutoka Mwanjelwa, Tukuyu, Iringa mjini na Mafinga. Yanayofanana nimeyaunganisha. Mawili matatu nitayajibu kwa kirefu, mengine nitayagusa tu.

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka tisa, tunaishi Mbeya mjini. Kutwa yuko nje na wenzake, kombolela, gololi, chandimu. Kinyakyusa hajui zaidi ya "ndaga". Bibi yake anasema mtoto huyu amepotea. Amepotea kweli?

Marahaba, mama. Kuhusu lugha bibi ana hoja, nitairudia mwishoni. Lakini kama kinachomkera ni mtoto kushinda na wenzake badala ya kukaa miguuni pa wazee, mwambie kwa upole kwamba hapo mjukuu anafuata mila kuliko anavyodhani. Sijui watu wengine Tanzania hii waliowaachia watoto walelewe na watoto wenzao kama walivyofanya Wanyakyusa.

Unazungumzia vijiji vya rika? Babu alivitaja, nikadhani ni hadithi.

Havikuwa hadithi. Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, walivikuta vikiwa hai walipofanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938. Msaidizi wao mkubwa alikuwa Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, na bila yeye sehemu kubwa ya tunayoyajua leo isingeandikwa. Godfrey alifariki mwaka 1944. Kitabu juu ya vijiji hivyo, *Good Company*, Monica alikitoa mwaka 1951.

Mambo yalianzia machungani. Wavulana wadogo walichunga ng'ombe za baba zao kwa pamoja, wakiwa na kiongozi wao, sheria zao na ugomvi wao na wachungaji wa upande wa pili. Wakifika miaka kumi au kumi na mmoja waliacha ng'ombe kwa wadogo zao, wakaanza kulima na baba zao, na wakaacha kulala nyumbani. Walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha wazazi. Vibanda vya kwanza vilikuwa vya kitoto, vya matete, vya kuvuja. Nani hajajenga kibanda cha namna hiyo? Tofauti ni kwamba wao hawakuitwa kurudi ndani giza lilipoingia.

Sababu iliyotolewa na wazee ilikuwa adabu. Mvulana aliyeanza kupata akili hakustahili kulala karibu na wazazi wake, akajua mambo yao ya usiku. Mbali na hiyo kulikuwa na jambo wanaloliita *ukwangala*: kukaa na wa rika lako, kula nao, kubishana nao, kufurahiana. Akili, kwa hesabu yao, mtu aliipata kwa wenzake. Anayekula peke yake alitiliwa shaka.

Chakula kilikuwa bado cha mama. Lakini vijana hawakwenda kila mmoja kwa mama yake. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Mama aliyepika alijua analisha wangapi, na mtoto aliyekwenda kula nyumbani bila kuwaita wenzake alisimangwa.

Baada ya miaka michache kijiji kilifunga mlango: wadogo walioendelea kuja waliambiwa wakaanzishe chao. Wenyewe walikua, wakajenga nyumba za maana, wakaoa, wakaleta wake zao palepale. Walipokaribia miaka thelathini na mitano hivi ilifanyika sherehe ya *ubusoka*, yaani kutoka. Baba waliwakabidhi watoto wao utawala, mioto ya zamani ikazimwa, mpya ikapekechwa, kila kijiji kikapewa ardhi na kiongozi wake. Wazee walisogea pembeni. Vibanda vile vya matete ndivyo vilivyokuwa nchi.

Ndiyo maana huwa nasita nikisikia kwamba michezo "inamwandaa" mtoto kwa maisha. Hapa hakuna siku mchezo ulipokoma maisha yakaanza. Aliyekuwa mkubwa wa machungani aliweza kuwa mkubwa wa kijiji, na waliomtii ni wale wale.

Na wasichana?

Hawakuwa na kijiji. Waliposwa wakiwa wadogo, wakahamia kwenye kijiji cha rika la mume, mara nyingi wanaume waliowazidi umri kwa mbali. Wanaosifu ukwangala wakumbuke kwamba waliobeba vyungu vya kuulisha walikuwa wanawake.

Mbona vijiji hivyo vimekwisha? Ni kanisa?

Wamisheni waliofika Rungwe kuanzia mwaka 1891 waligusa mengi, ila mimi naona ardhi na pesa vilikata mzizi. Kijiji cha namna hii kinahitaji nafasi: kila kizazi kihame, wazee wapishe. Ukishapanda kahawa, hupishi. Mibuni haihamishiki. Vijana nao walianza kufuata mshahara, kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya na migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Aliyerudi na fedha zake alijenga alipotaka, si lazima kando ya aliochunga nao.

Kabila ni damu, Mwalimu. Michezo inaingiaje?

Damu ya nani? Zamani za Wajerumani watu wa Rungwe waliitwa Wakonde, na wao wenyewe walijitambua zaidi kwa Wakukwe, Waselya, Walugulu, Wamwamba. "Wanyakyusa" lilikuwa jina la baadhi yao tu, wa upande wa bondeni kuelekea ziwani. Serikali ya Waingereza ikalitandaza kwa wote. Ng'ambo ya Songwe, Malawi, ndugu zao wa karibu sana wanaitwa Wangonde. Iringa ni hivyo hivyo. Munyigumba aliunganisha tawala ndogo ndogo katikati ya karne ya 19, mwanawe Mkwawa akaendeleza, na jina Wahehe inasemekana limetokana na ukelele wao vitani. Kabila zima kupata jina kwa kupiga kelele: watoto wangu nao wana haki ya kudai lao.

Na mtani je? Mhehe na Mngoni walipigana vita vikali, leo wajukuu wanataniana hadi msibani, na Mhehe anavumilia mizaha ya kula mbwa kila anapokaa na wageni. Huo ni mchezo, na ndio unaomkumbusha yeye ni nani kuliko cheti chochote. Serikali yenyewe haijauliza kabila kwenye sensa tangu mwaka 1967.

Nilisoma kwamba watoto wa Wasan wa Kalahari hucheza bila kushindana. Je, Wahadzabe wetu?

Wasan wana mchezo maarufu wa wasichana na wanawake: wanaimba na kupiga makofi huku wakirushiana tikiti la porini, mdundo usikatike. Hakuna mshindi wa kutangazwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wana lugha yenye midoko, lakini si Wasan, na lugha yao haijathibitika kuwa na ndugu popote. Mtoto wao wa kiume hushika upinde wake mdogo mapema mno, na watoto huchuma matunda na kuchimba mizizi wakicheza, wakala hapo hapo. Kushindana wanakujua: wanaume wazima hucheza kamari ya *lukuchuko* kwa vipande vya magome, wakiwekeana mishale.

Basi nimfanyie nini huyu wa kwangu?

Mwache na kombolela yake. Aliyejificha anatoka mbio kuwakomboa waliokamatwa. Jina lenyewe linakuambia. Lugha mpeleke kwa bibi likizo, Tukuyu, akakae na watoto wa huko, kwa sababu sarufi ya mtu mzima haitamshika. Na jioni ukipika, akija na wanne, usimwite peke yake ndani.

Wewe mwenyewe muulize babu yako kijiji chao cha wavulana kiliitwaje na mkubwa wao alikuwa nani. Ukipata jina, niandikie.