Kibali si Cheti

Kuuliza si ujinga. Baba yangu alifariki katika ajali ya barabarani nikiwa darasa la sita. Mama alipewa karatasi ndogo, akaifunga kwa leso na kuitia sandukuni. Mwaka jana tulipoenda kuomba basari, karani aliitazama akasema, "Mama, hiki ni kibali cha mazishi. Cheti cha kifo kiko wapi?" Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizauliza, na leo nawaletea niliyoyapata.

Kwanza, vifo nchini Kenya huandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149. Mtu akifia hospitalini kwa ugonjwa unaojulikana, daktari aliyemtibu huandika sababu ya kifo. Akifia nyumbani, jamaa hupiga ripoti kwa naibu wa chifu. Hapo ndipo kibali hupatikana. Lakini kibali ni ruhusa ya kuzika tu! Cheti hutolewa na msajili, na ni lazima kiombwe. Hakiji chenyewe.

Pili, je, mtu akiuawa, akijiua, akifa ajalini au kifo chake kikitiliwa shaka? Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 386, humtaka polisi amjulishe hakimu na kuchunguza. Daktari huipasua maiti kutafuta sababu. Ikihitajika, hakimu huwasikiliza mashahidi. Hapo hamhukumu mtu, bali anataka kujua marehemu alikufa vipi. Na mtu akifia mikononi mwa polisi au gerezani, kifungu cha 387 kinamtaka hakimu achunguze.

Huko Uingereza kazi hii hufanywa na korona. Nilipolitaja neno hili chamani, wenzangu waliangua kicheko: "Ile ya barakoa?" Kumbe yote mawili yametoka kwa neno la Kilatini lenye maana ya taji. Kirusi kile kina umbo kama la taji, naye korona alianza kazi mwaka wa 1194 akilinda haki na mapato ya mfalme. Hapa kwetu, Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Korona ilipitishwa mwaka wa 2017.

Tusichanganye mambo, lakini. Korona au hakimu hutafuta sababu ya kifo. Msajili ndiye huiandika na kutoa cheti.

Basi tulifunga safari, mimi na mama, hadi afisi ya msajili, tukiwa na kibali na nambari ya kitambulisho cha baba. Kifo kilikuwa kimesajiliwa zamani. Kilichokosekana ni sisi kuomba. Cheti kilipotoka, mama aliniambia nisome pale penye sababu. Nikasoma: majeraha ya kichwa. Akaniambia nisome tena. Kijijini watu walikuwa wamesema mengi, ati amerogwa, ati alikuwa mlevi. Mama alikikunja kile cheti polepole, akakifunga kwenye leso ileile.

Basari ya mwaka jana ilinipita. Ya mwaka huu nimeiomba.

Ndugu msomaji, ukifika nyumbani leo waulize wazazi: ile karatasi iliyoko sandukuni ni kibali ama ni cheti? Mgala muue na haki umpe. Sembuse baba yako mzazi?