Dondoo Muhimu: Kupanga Orodha ya Kazi Katika Simu na Kompyuta

Orodha ya kazi ya kidijitali, yaani kumbukumbu ya majukumu inayohifadhiwa katika programu ya simu au kompyuta, humfaa mtumiaji pale tu inapopangwa kwa utaratibu anaouamini. Kanuni zifuatazo zinatokana na mbinu aliyoieleza Mmarekani David Allen katika kitabu chake Getting Things Done, kilichochapishwa mwaka 2001.

• Kukusanya: Kila jukumu liandikwe mara linapojitokeza na liwekwe mahali pamoja, kwa kuwa kazi zilizotawanyika kati ya WhatsApp, barua pepe na daftari husahaulika kwa urahisi.

• Kufafanua: Jukumu lianze na kitenzi kinachotaja hatua inayofuata; kwa mfano, "kumpigia fundi simu kuhusu bei ya mabati" humwelekeza mtu kwenye utendaji, ilhali neno "nyumba" humwacha akijiuliza aanzie wapi.

• Kutenda papo hapo: Jambo linaloweza kumalizika ndani ya dakika 2 litekelezwe wakati huohuo, kwani kuliandika na kulirudia baadaye huweza kuchukua muda mrefu zaidi.

• Kutenganisha: Miadi yenye siku na saa maalumu iwekwe kwenye kalenda, huku kazi nyingine zikigawanywa kwa muktadha, yaani mahali au kifaa kinachohitajika ili zitendeke, kama vile sokoni, ofisini au kwenye kompyuta.

• Kupitia upya: Kila wiki orodha yote ipitiwe, na yaliyokamilika au kupitwa na wakati yaondolewe, kwa sababu orodha iliyotelekezwa haiaminiki tena, na mwenyewe hulazimika kutegemea tena kumbukumbu ya kichwani.